Mama, Wewe Si Chanzo

Sehemu ya Nne

Kama wiki tatu zilizopita hamkunisoma, nawapa kwa mkato, kwa sababu nina nguo za kuanua.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa hospitali. Nina stashahada yangu, nina mume, nina binti wa miaka kumi na sita, na kazini wananiita Mama Faili. Kwa ujinga wangu nilijiunga na watu wanaojitolea kuandika kamusi elezo, ile ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Tunakutana kila Jumamosi asubuhi ghorofa ya pili ya maktaba. Makala yangu ya kwanza ilimhusu mama mkubwa, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mji huu na kunilea mimi baada ya mdogo wake, yaani mama yangu, kufariki.

Humo nilitia sentensi moja ya kutafuta machozi: "Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, lakini wote aliowapokea walikuwa wanawe."

Chanzo sikuwa nacho. Niliitunga saa ya mapumziko, huku natafuna mkate.

Gazeti moja la Jumapili, silo hili, likainakili neno kwa neno bila kusema limeitoa wapi. Kisha mwenzetu mmoja akalichukua gazeti hilo hilo na kulibandika chini ya sentensi yangu kama uthibitisho. Tanbihi namba saba. Ni kama niote ndoto, jirani aisimulie, halafu mimi niambiwe ndoto ni kweli kwa sababu jirani ameisema.

Baadaye akazuka mtu anayejiita Uzi Mweupe. Kila siku anafuta sentensi yangu na kuandika: "Alizaa mtoto mmoja wa kiume." Tunamfuta. Anarudi. Tunamfuta.

Nilipowaacha, Mwenyekiti alikuwa ametangaza mbele ya wote kwamba Uzi Mweupe anaandika kutokea kwenye mtandao wa nyumbani kwangu.

"Akaunti mbili!" alisema Bwana Tanbihi, akagonga meza. "Anajifuta mwenyewe ili aonekane anailinda makala! Niliwaambia. Huyu mama si wa kuaminika."

Bwana Tanbihi ni karani wa mitihani, miaka hamsini na mmoja, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha kooni hata joto likizidi. Katika miaka sita ya kujitolea hajaandika makala hata moja. Kazi yake ni kupita kwenye kazi za wenzake akidai chanzo, kama mtu asiyejua kupika lakini anazunguka jikoni akifunua sufuria.

Kitu kimoja tu ameandika, nacho ni ukurasa wake binafsi wa mhariri. Una aya kumi na nne. Sote tumeusoma, maana anatutumia kiungo kila sikukuu. Humo utajua kwamba alizaliwa saa nne asubuhi, siku ya mvua iliyong'oa daraja, mtoto wa pekee wa fundi saa na mkewe, na kwamba alitoka tumboni na vidole sita mkono wa kushoto, "dalili ya mapema ya kipaji cha uandishi." Hauna tanbihi hata moja.

"Sina akaunti mbili," nikasema. "Hiyo moja yenyewe inanitosha kunizeesha."

"Basi nani anaandikia kwako? Paka?"

"Sijui."

"Hajui!" Akawageukia wenzake. "Mtunza kumbukumbu, hajui."

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Ana sauti ya mtu anayemwomba radhi kila kiti anachokikalia. Alikohoa, akasema nimesimamishwa wiki moja, na kwamba Jumamosi ijayo kundi litapiga kura juu ya hiyo sentensi, ukurasa ufungwe, yaishe.

"Kwa heshima ya marehemu," akamalizia.

"Marehemu gani?" nikauliza. "Mama mkubwa yuko nyumbani anachambua mboga!"

"Ooh," akasema Mwenyekiti. "Basi kwa heshima yake akiwa hai."

Hao ndio watu wanaoamua maisha ya mtu yaandikweje. Wiki tatu nzima walibishana kama kibao ambacho mama mkubwa alimpiga daktari aliyekuja zamu amelewa kinastahili kuwamo. Bwana Tanbihi alisema hakina uzito. Mwenyekiti akapendekeza tuandike kwamba "alimgusa daktari shavuni." Nilikuwepo kwenye ubishi huo mwanzo hadi mwisho, na nguo za familia yangu zikilala ndani ya beseni.

Nilifika nyumbani nimefura. Binti yangu alikuwa sebuleni, miguu juu ya kochi.

"Simu," nikamwambia.

"Mama, nimefanya nini?"

"Simu!"

Nikaipekua. Nikapekua ya baba yake, aliyekuwa anaoga, akabaki anauliza nyuma ya mlango kama kuna msiba. Hakuna kitu. Nikarudi kwa binti.

"Nani humu ndani anaandika kwenye kamusi elezo akijiita Uzi Mweupe?"

Akatazama dari. Akatazama zulia. Mtoto wangu namjua, akiwa na siri shingo yake inakuwa fupi.

"Nilimfundisha tu jinsi ya kubonyeza," akasema. "Sikujua anaandika nini."

"Ulimfundisha nani?"

"Mimi," ikasema sauti kutoka jikoni.

Mama mkubwa hakuwa ameinua hata kichwa. Alikuwa mezani, sinia la mboga mbele yake, na pembeni ile tableti niliyomnunulia aangalie picha za wajukuu. Ana miaka sabini na miwili. Vidole vyake ni vile vile vya zamani, vyepesi, vinachambua huku macho yapo kwingine.

"Mama mkubwa, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoandika kwamba sikuzaa." Akatupa jani bovu pembeni. "Umenifuta mara kumi na moja. Mara ya tano umeandika 'upuuzi'. Mara ya tisa umeniita mharibifu. Nikasema, sawa, angalau mtoto ameweka bidii."

Nilivuta kiti. Nikakaa.

"Lakini si kweli," nikasema. "Wewe hukuzaa. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaona kwamba mtu wa kumtaja ni mimi.

Akaniambia bila kupamba. Alikuwa mwaka wa pili wa ukunga, kwenye hospitali hii hii ninayofanyia kazi. Mwanafunzi aliyebainika kuwa na mimba alikuwa anafukuzwa siku hiyo hiyo. Alijifunga kitambaa tumboni miezi yote, akaingia zamu mpaka asubuhi uchungu ulipomkamata chumba cha shuka. Mwenzake mmoja akampokea. Kwenye kitanda cha tatu wodini palikuwa na mama aliyejifungua mtoto asiyepumua saa moja kabla.

"Alikuwa analia bila sauti," akasema mama mkubwa. "Nikampelekea wangu. Nikavaa aproni safi, nikamaliza zamu."

"Nani? Mama gani?"

"Hilo silisemi. Nilimwapia."

"Na baba wa mtoto?"

"Huyo hata sikumbuki kama alikuwa na sura." Akasukuma sinia. "Mwanangu, mimi mdomo wangu umekataa miaka hamsini na moja. Kidole hakikukataa. Nikiandika pale, nikasema, huenda popote alipo asome, ajue kuna mtu aliyemzaa na hakumtupa. Sina haja ya jingine. Ila kila nikiandika, mtu wangu mwenyewe ananifuta."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Nikamwambia aende akaanue nguo. Mtu mmoja wa kulia anatosha.

Mnaona mahali nilipokuwa nimemfikisha. Na hapo sijawaambia la jiwe.

Hospitali inafungua wodi mpya ya wazazi na imeipa jina la mama mkubwa. Ukutani litawekwa jiwe la kuchongwa, lenye wasifu wake. Wasifu wameutoa wapi? Kwenye makala yangu. Sentensi ipi wameipenda kuliko zote? Mchongaji anaanza kazi Jumatatu baada ya ile kura.

Jumatatu iliyofuata, kura ikiwa bado, nilipanda hadi ofisi ya mkurugenzi wa hospitali.

"Ile sentensi ya kutojaliwa mtoto," nikamwambia, "itoeni. Si sahihi."

"Iko kwenye kamusi elezo, Mama Faili."

"Niliiweka mimi."

"Na ina chanzo. Gazeti."

"Gazeti lilinakili kwangu!"

Akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia wagonjwa wa kitengo kingine. "Mimi nafuata kilichoandikwa kule. Mkikibadilisha kule, nitabadilisha huku. Vinginevyo kila ndugu atakuja na toleo lake."

Nilirudi kwa mama mkubwa nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi wachonge," akasema. "Ila mimi siku hiyo siendi. Siketi chini ya jiwe linaloniambia sikuzaa, halafu wanipe na mkasi nikate utepe."

Nikapiga moyo konde. Nikasema: mimi ni mtu wa kumbukumbu. Wanataka chanzo? Nitawapa chanzo mpaka wakitapike.

Vitabu vya uzazi vya zamani viko stoo, kwenye lililokuwa jengo la kufulia. Huingii bila kusaini, na hutoi kitu bila barua. Nilisaini. Nikahesabu miaka, nikashusha vitabu vitatu vilivyoshikana kwa unyevu, nikakaa juu ya boksi la ripoti nikaanza kusoma mistari.

Ilinichukua mapumziko mawili ya mchana. Siku ya Jumatano nikaufikia ukurasa wenyewe.

Mstari wa kwanza: kitanda namba tatu, saa tatu asubuhi, mtoto wa kike, hakupumua. Umepigwa mstari wa wino, umefutwa. Mstari wa pili: kitanda hicho hicho, mama huyo huyo, saa nne asubuhi, mtoto wa kiume, mzima, kilo tatu.

Mama mmoja, watoto wawili ndani ya saa moja, na hakuna aliyeandika pacha. Mtu mwingine angepita tu. Mimi nimeshika vitabu hivi miaka kumi na tisa. Hapo palikuwa na mkono uliotetemeka.

Nikasogea kwenye safu ya maelezo. Mwandiko mdogo, wa mwanafunzi: "Kidole cha sita, mkono wa kushoto. Kimefungwa uzi mweupe."

Ndivyo wakunga walivyokuwa wakifanya. Kidole cha ziada kisicho na mfupa kinafungwa uzi mwembamba shinani, baada ya siku chache kinaanguka chenyewe, panabaki kinundu kama punje.

Nikajisemea, maskini mama mkubwa, kitu pekee alichomwachia mwanawe ni fundo la uzi. Moyo ukanijaa. Nikapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, kazi ya baba.

Fundi saa.

Nikasoma tena. Nikatazama tarehe. Nikatoa simu, nikafungua ule ukurasa wa aya kumi na nne nilioapa sitaufungua tena. Tarehe ni ile ile. Saa nne asubuhi. Mvua iliyong'oa daraja. Vidole sita mkono wa kushoto, dalili ya mapema ya kipaji cha uandishi.

Nilicheka peke yangu stoo mpaka mlinzi akachungulia.

"Mama Faili, kuna nini?"

"Vumbi," nikamwambia.

Wanaume wote waliozaliwa mji huu, wakiwemo mafundi bomba, madereva wa maana na yule muuza matunda mwenye adabu, mtoto wa mama mkubwa akawa yeye! Na amemfuta mama yake mara ngapi? Nikahesabu kwenye historia ya ukurasa. Mimi mara kumi na moja, yeye mara ishirini na sita. Kila mara kaandika sababu ile ile: "Mtoto huyu hayupo. Hakuna chanzo."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana kila wiki nawaahidi nitasema na hili ndilo kubwa.

Nilitoa nakala ya ukurasa ule bila barua. Hilo peke yake linatosha kunifukuzisha kazi. Nikaikunja mara nne, nikaiingiza kwenye mkoba. Kisha nikaenda nyumbani, nikala chakula na mama mkubwa, nikamtazama usoni, na sikumwambia kitu. Si Jumatano, si Alhamisi, si Ijumaa.

Ningemwambiaje? Kwamba yule mtoto anayemwazia miaka hamsini na moja ni mtu anayesahihisha matangazo ya mazishi yaliyobandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu? Nilimwona hastahili. Nilijipa kazi ya kuamua nani anamfaa mama mkubwa kuwa mwanawe. Nilikuwa nimejifunza vizuri kwenye lile kundi.

Jumamosi ikafika. Adhabu yangu ilikuwa imekwisha asubuhi hiyo hiyo, nikaingia nikakaa kiti cha mwisho, mkoba mapajani. Tulikuwa watu saba. Madirisha yamefungwa, kwa sababu Bwana Tanbihi anasema kelele za mtaani zinampotezea hoja.

"Hoja ni moja," akaanza. "Upande huu kuna gazeti lililochapishwa. Upande huu kuna mtu asiyejulikana, anayejiita uzi. Uzi!"

Watu wakacheka.

"Gazeti lilitoa kwangu," nikasema. "Tazameni tarehe. Mimi niliandika mwezi wa pili, gazeti likatoka mwezi wa nne. Sentensi ni ile ile, hata mkato upo pale pale."

"Una chanzo kwamba lilitoa kwako?"

"Mimi ndiye chanzo!"

"Haya." Akajiegemeza, ameshiba. "Mwenyekiti, andika. Anadai yeye ndiye chanzo."

"Bwana wee, hivi umewahi kuamini kitu chochote ulichokiona kwa macho yako?"

"Macho hayana namba ya ukurasa, mama."

Mwenyekiti alikuwa anainua mkono kututuliza mlango ulipofunguka. Binti yangu akaingia kwanza, shingo fupi. Nyuma yake mama mkubwa, fimbo mkononi, anahema kwa zile ngazi, amevaa lile gauni la bluu la siku aliyostaafu.

Nilisimama. "Mama mkubwa! Nani kakuleta?"

"Miguu," akasema. "Wapi hapo wanapiga hiyo kura?"

Mwenyekiti akamwachia kiti chake, akakiomba radhi. Mama mkubwa hakukaa. Akatuzungushia macho sote saba, taratibu, kama anahesabu vitanda.

"Mimi ndiye mnayenijadili," akasema. "Nimezaa. Mtoto mmoja, wa kiume. Niandikeni hivyo au mniondoe kabisa humo ndani. Sitaki kingine."

Nikamwona Mwenyekiti anapapasa kalamu. Nikajua, mama mkubwa ameshinda. Nani atabisha?

"Samahani," akasema Bwana Tanbihi.

Alisimama. Akaweka vizuri kola. Sauti yake ilikuwa ya upole, ule wa karani anayemwambia mtu fomu yake imekosewa na foleni ianze upya.

"Kwa heshima zote. Sheria yetu inasema mhusika hawezi kujithibitishia jambo lake lenye utata. Kila mtu angekuja hapa akajipa watoto. Chanzo kilichochapishwa kinasema huna." Akanyoosha mkono wa kushoto, akamwelekezea kidole. "Mama, wewe si chanzo."

Nilitaka kumrushia kiti. Binti yangu akanishika mkono.

Lakini mama mkubwa hakukasirika. Hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anautazama ule mkono ulionyooshwa. Pembeni ya kidole cha mwisho kulikuwa na kinundu kama punje. Mimi nilikuwa nimekaa na mkono ule Jumamosi zaidi ya mia na sikuwahi kukiona.

Yeye alikiona kabla mkono haujashuka.

Akakitazama mpaka Bwana Tanbihi mwenyewe akaona haya, akauficha mkono mfukoni. Mama mkubwa akapandisha macho usoni kwake, polepole: kidevu, pua, masikio. Sijui alikuwa anatafuta nini. Fimbo ikagonga sakafu mara mbili bila yeye kuipeleka.

"Umesema sina," akamwambia.

"Gazeti limesema, mama."

"Ishirini na sita zote, ni wewe?"

"Ni wajibu wangu."

Akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi. Miaka yote ya maisha yangu sijamwona na uso ule.

"Iacheni," akasema.

"Iacheni nini, mama mkubwa?"

"Sentensi. Iacheni kama ilivyo. Na nilichoandika mimi, futa. Futa chote."

"Mama mkubwa, subiri, mimi nina..." Mkono wangu ulishaingia kwenye mkoba.

"Nimesema futa!" Hiyo ilikuwa sauti ya wodini. Mkono ukatoka mtupu.

Bwana Tanbihi aling'aa kama sahani mpya. "Umeona? Hata mwenyewe amekubali. Mwenyekiti, piga kura."

Wakapiga. Watano waliunga mkono sentensi ibaki, mimi nikakataa, Mwenyekiti akajizuia kwa heshima. Akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake, akatutangazia kwamba ukurasa umefungwa mwezi mzima, hakuna atakayeugusa. Mchongaji anaanza Jumatatu.

Nikataka kumchukua mama mkubwa. Akaniepa, akamnyooshea Bwana Tanbihi kiwiko.

"Wewe kijana. Nishushe ngazi."

"Mimi?"

"Umenishinda mbele za watu, hata ngazi hunishushi?"

Kijana wa miaka hamsini na mmoja akampa mkono. Wakatoka, hatua moja baada ya nyingine, binti yangu nyuma yao amebeba fimbo. Nikasikia sauti ya mama mkubwa ikiuliza kitu. Nikasikia ya Bwana Tanbihi ikijibu kwa majivuno, kama kawaida. Kisha sikusikia chochote.

Wenzangu wakakusanya vitu vyao wakiongea juu ya makala ijayo, ya mchezaji mmoja, kama jina lake la utani linastahili kuwamo. Mwenyekiti akafungua dirisha moja, akatoka. Nikabaki na viti.

Nilikuwa nafunga mkoba Bwana Tanbihi aliporudi.

Alikuwa peke yake. Kifungo cha kooni kilikuwa wazi, sijui amekifungua lini. Akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokifuata.

"Mama yako mkubwa amekaa kwenye ngazi," akasema. "Hataki kuinuka."

"Ameanguka?"

"Hapana. Aliniuliza baba yangu alikuwa na kazi gani. Nikamwambia fundi saa. Akaniuliza kama mama yangu alinipenda. Nikamwambia sana. Akakaa."

Nikaushikilia mkoba mapajani.

"Halafu akaushika huu mkono." Akautoa mfukoni, akautazama kama umeazimwa. "Akaniomba radhi kwa uzi. Uzi gani, Mama Faili? Kwa nini ananiomba radhi?"

Tangu nimjue mtu yule, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza swali bila kudai chanzo. Na chanzo kilikuwa mapajani mwangu, kimekunjwa mara nne, kati ya funguo na kitana, na mwenyewe aliyekiandika alikuwa ameniambia nifute.